Migahawa ya kulipia kwenye meli za kruzi: uongeze hela au utosheke na cha bure? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi naishi Houston, na kutoka hapa mpaka bandari ya Galveston ni kama saa moja hivi kwa gari, ndo maana kwetu kruzi imekuwa safari rahisi kuliko kupanda ndege. Ndugu na marafiki wakishalipia tiketi tu, swali la kwanza wanalonitumia WhatsApp ni hili la migahawa ya kulipia, sababu kampuni zinaanza kuwatumia imeili za ofa hata begi hawajafunga. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeyaweka yote hapa.

Kwani chakula si kimeshalipwa kwenye tiketi?

Kimeshalipwa, tena kingi sana. Kuna dainingi kuu, unakaa mezani unahudumiwa vizuri, unaagiza cha kuanzia, chakula chenyewe, halafu kitamutamu. Kuna bufe ambayo iko wazi karibu kutwa, kampuni ya Royal Caribbean wanaiita Windjammer, kwa Carnival iko ghorofa wanayoiita Lido. Kuna piza, aiskrimu, chai na kahawa ya kawaida. Carnival meli zao nyingi zina Guy's Burger Joint na BlueIguana Cantina, zote bure, na ile baga yao mimi naiweka juu ya vyakula vingi nilivyowahi kulipia baharini.

Halafu kuna ile tipu ya kila siku ambayo meli nyingi zinakukata kwa kila mtu, wahudumu wa dainingi wana fungu lao humo, uwe umekula kwao au hukula. Kwa hiyo ukienda mgahawa wa kulipia ujue unalipa mara ya pili kwa chakula cha usiku uleule. Sisemi usilipe. Nasema lijue hilo kwanza, maana wengi wanafikiri ukikosa hela ya ziada utashinda njaa au utapewa makombo, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Mgahawa wa kulipia ni upi hasa, na bei zake zikoje?

Ni ile midogo midogo iliyojitenga, ina menyu yake, mara nyingi ina jiko lake na wapishi wake. Royal Caribbean wana Chops Grille ya steki, Giovanni's ya Kiitaliano, Izumi ya Kijapani. Norwegian wana Cagney's, Le Bistro ya Kifaransa, na Teppanyaki. Princess wana Crown Grill na Sabatini's, Holland America wana Pinnacle Grill, MSC wana Butcher's Cut na Kaito, Disney wana Palo.

Bei ziko namna mbili. Kuna pale unapolipa kiasi kimoja kwa kichwa, kisha unakula mpaka kitamutamu, na kuna pale kila sahani ina bei yake. Mgahawa wa steki kwenye meli hizi kubwa za kawaida kwa sasa tegemea dola 50 mpaka 75 kwa mtu mmoja, na bei inapanda na kushuka kama ya ndege, meli ileile wiki hii ni hivi, wiki ijayo ni vingine. Ipo ya juu zaidi. Remy ya Disney inavuka dola 100 kwa mtu, na meli ya Royal Caribbean, Icon of the Seas, ilipoanza kazi Januari 2024 mgahawa wake wa Empire Supper Club ulikuwa kama dola 200 kwa kichwa.

Usisahau tipu inaongezwa yenyewe juu ya bei, Royal Caribbean 18%, Norwegian 20%. Chukua mtu na mkewe, dola 60 kila mmoja, ni 120, weka 18% inakuwa 141.60. Hiyo ni zaidi ya laki tatu za Kitanzania kwa usiku mmoja, na hapo hujanywa soda.

Haya mambo ya kulipia tena yalianza lini? Zamani si kila kitu kilikuwa ndani?

Watu wanadhani ni ujanja wa juzi lakini ni wa kale. Meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika mwaka 1905 ilikuwa na mgahawa wa Ritz ambao abiria matajiri walilipia pembeni. Titanic nayo mwaka 1912 ilikuwa na mgahawa wa namna hiyo kwa abiria wa daraja la kwanza, ukiendeshwa na Muitaliano Luigi Gatti, na kilichonifurahisha nilipokisoma ni kwamba abiria aliyeamua kula huko safari nzima aliweza kupunguziwa nauli yake, kwa sababu chakula cha dainingi hakukigusa. Leo hakuna wa kukurudishia chochote.

Kwa kruzi za kisasa, mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2000 pale Norwegian walipoanzisha utaratibu waliouita Freestyle, huna saa maalum wala meza maalum, unachagua mwenyewe mgahawa. Wengine wakafuata, na sasa meli zinajengwa migahawa ikiwa tayari kwenye ramani, nusu bure nusu ya kulipia.

Chakula chenyewe kina tofauti kweli au unalipia jina?

Kina tofauti, ila si kwa kila kitu, na hapa ndo penye kiini cha jambo lenyewe.

Fikiria dainingi kuu ya meli kama Harmony of the Seas, meli inabeba abiria zaidi ya 5,000, dainingi ina ghorofa tatu, na watu mamia kwa mamia wanakaa kwa wakati mmoja wanataka kula kabla shoo haijaanza. Jiko la namna hiyo ni kama jiko la harusi. Ulishawahi kuona mpishi wa harusi anakaanga samaki mmoja mmoja kwa kila mgeni? Haiwezekani, anapika masufuria makubwa, anaweka kwenye moto mdogo, anapakua kwa foleni. Sasa jiulize vyakula gani vinavumilia kupikwa kiharusi harusi. Pilau inavumilia, mchuzi unavumilia, nyama ya kuchemshwa polepole ndo kwanza inanoga, supu, pasta ya sosi nzito, keki. Vyote hivyo dainingi kuu wanavipika vizuri kabisa, na mimi sioni sababu ya kuvilipia tena ghorofa ya juu.

Kisichovumilia ni kile ambacho dakika tano zinakiharibu. Steki. Samaki wa kuchoma. Sushi. Chochote cha kukaanga kinachotakiwa kiwe kikavu na kinakatika mdomoni. Kwenye mgahawa mdogo wenye meza chache mpishi anaanza kukuwekea nyama jikoni ukishaagiza wewe, ikitoka inakuja kwako moja kwa moja. Hiyo ndo tofauti unayoilipia, kupikiwa wewe.

Na kitu cha pili ni utulivu. Hakuna vijiko kugongana, meza hazijabanana, mhudumu ana meza chache anakuuliza kama unataka kusubiri kidogo kabla ya sahani inayofuata. Mimi na mume wangu tuna watoto watatu na kazi za zamu, kukaa masaa mawili tunaongea bila mtu kutukatiza si jambo linalotokea nyumbani, kwa hiyo kwetu lile tulilipa kwa moyo mmoja. Mtu anayesafiri na rafiki zake kumi wanaotaka makelele na kucheka atalipa hela ileile na asione alichonunua.

Kwa hiyo nilipie upi na niache upi?

Hii ni rai yangu baada ya safari kadhaa.

Lipia mgahawa wa steki kama unapenda nyama na unaila ikiwa na juisi yake. Lipia teppanyaki au hibachi kama una watoto wakubwa au ni siku ya kuzaliwa, mpishi anapika mbele yenu kwenye bamba la moto, anarusha mayai, anaimba, watu wa meza nzima wanakuwa marafiki. Ni chakula na shoo pamoja, ukigawanya hivyo bei haiumi. Sushi lipia kidogo kidogo kwa sahani, usichukue ya bei moja kama si mlaji mkubwa, Bonsai Sushi ya Carnival kwa mfano ni ya kuagiza sahani sahani na mtu unatoka umeshiba bila kuumia.

Mgahawa wa Kiitaliano mimi siulipii. Najua nitagombana na watu hapa, lakini pasta na nyama ya ng'ombe kwenye sosi ya nyanya dainingi kuu inayo karibu kila usiku. Tena Carnival Jubilee ambayo inatokea hapahapa Galveston, mgahawa wa Kiitaliano wa Cucina del Capitano ni bure usiku, angalau mara ya kwanza, na ChiBang! yenye vyakula vya Kichina na vya Kimeksiko ni hivyohivyo, unachotakiwa ni kuomba nafasi kwenye apu mapema.

Ile ya dola 200 kwa kichwa yenye muziki na nguo za kung'aa, hiyo ni ya mtu ambaye anasherehekea miaka 25 ya ndoa au amestaafu, na kama ni wewe basi nenda kwa furaha na usihesabu. Kwa safari ya kawaida hapana.

Sisi nyumbani nyama lazima iive kabisa. Bado steki ya dola 60 ina maana?

Swali zuri na sijui kwa nini watu wanaona aibu kuliuliza. Wengi wetu tumekulia kwenye nyama iliyoiva mpaka ndani, na steki ya gharama uzuri wake wote uko kwenye ile juisi ya katikati, ukiiomba iive kabisa wataivisha bila neno lakini utakula kitu kikavu ambacho hakina tofauti kubwa na cha dainingi. Usijilazimishe kula nyama yenye damu eti kwa sababu umelipa. Agiza mbavu za ng'ombe zilizopikwa polepole kama zipo, au mbavu za kondoo, au samaki mzima, au kamba koche. Na kama kwenye menyu huoni cha namna hiyo basi mgahawa huo si wako, na menyu zote ziko kwenye apu ya kampuni au mlangoni kwenye mgahawa wenyewe, pita uisome kabla hujalipa.

Ninunue pakeji ya usiku mwingi? Wanasema ndo unaokoa.

Unaokoa kwa kila mlo, ndiyo, lakini unatumia zaidi kwa jumla. Hivyo ni vitu viwili tofauti na muuzaji atakuonyesha kimoja tu.

Nikupe yaliyotukuta. Safari yetu ya pili, ya siku 7, tulipanda tu melini tukakutana na meza ya wauzaji, kijana mchangamfu sana akatuuzia pakeji ya usiku mitano. Usiku wa kwanza tulikula tukafurahi. Wa pili tukafurahi. Wa tatu tulikuwa tumetoka bandari ya Cozumel, Meksiko, tumechoka, jua limetupiga, tunataka supu na kulala, lakini tumeshalipa kwa hiyo tukavaa tukaenda tukakaa masaa mawili tunasinzia. Wa nne tukakosa shoo ambayo watoto waliisubiri, sababu mlo uliisha saa tatu kasoro. Wa tano ndo uliniuma. Niliagiza kamba koche, wakasema huyo ana ada yake juu ya pakeji, nikalipa. Kesho yake asubuhi kwenye lifti mama mmoja akaniambia jana dainingi kuu palikuwa usiku wa kamba koche, bure, na yeye kaomba mkia wa pili akaletewa. Nilikaa kimya mpaka ghorofa yetu. Yule kijana alijua ratiba, hakusema, na mimi sikuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwenye safari ya siku 7 usiku mmoja unatosha, miwili ni mingi. Pakeji ndogo ya usiku miwili au mitatu inaweza kufaa kama mnasafiri wawili bila watoto na siku za baharini, zile ambazo meli haisimami bandarini, ni nyingi. Ile isiyo na kikomo ya Royal Caribbean ambayo unaweza kula huko kila siku, pamoja na mchana siku za baharini, hesabu yake inakubali kwa mtu anayechukia watu wengi na ambaye kweli atakwenda karibu kila mlo. Isome vizuri lakini, maana haiingizi kila kitu, Chef's Table kwa mfano, ule mlo maalum wa mpishi mkuu, haimo, na penye kuagiza sahani sahani unapewa kiasi fulani tu.

Na kabla hujachagua usiku wa kwenda, uliza dainingi kuu usiku wa kamba koche ni upi. Kwenye safari nyingi za siku 7 huwa upo mmoja, mara nyingi ni usiku wa kuvaa rasmi. Usiku huo kaa dainingi kuu na wenzio.

Nibuku lini ili nipate bei nzuri?

Nyumbani, kabla ya safari, kupitia akaunti yako ya kampuni. Bei za mtandaoni kabla ya safari kwa kawaida ziko chini kuliko za ndani ya meli, na mara kwa mara zinashushwa wakati wa ofa kama Black Friday. Ukishabuku endelea kuchungulia, Royal Caribbean kwa mfano unaweza kufuta na kubuku upya bei ikishuka kabla ya safari, hela inarudi. Nimefanya hivyo nikapata tofauti ya kununua zawadi za watoto.

Kama umefika bila kubuku, siku ya kupanda na usiku wa kwanza ndo wakati wa kuuliza, watu wengi bado wanatafuta mabegi yao na migahawa iko tupu, wanashusha bei. Mchana wa siku ya baharini pia, mahali panapofunguliwa mchana ni rahisi kuliko usiku na menyu inakaribiana sana. Mimi chakula cha mchana siku ya kupanda ndo nakipenda kuliko vyote, huko kwenye bufe watu wamejaa na mabegi mgongoni, wewe umekaa dirishani unaangalia gati. Kingine, kama ulipewa hela ya kutumia ndani ya meli na wakala wako, tumia hiyo, haitoki mfukoni.

Norwegian wana pakeji ya Free at Sea ambayo inakuja na milo kadhaa ya migahawa ya kulipia. Hapo huna sababu ya kuiacha, ila jua tipu ya hiyo pakeji unailipa wewe, na hesabu ya milo inategemea urefu wa safari.

Kuna gharama zilizojificha?

Zipo. Vinywaji havimo kwenye bei ya kichwa. Vipande vya nyama maalum kama wagyu vina ada yake juu ya ada. Kamba koche vilevile sehemu nyingi. Ukija na chupa yako ya mvinyo unaweza kutozwa ya kuifungua. Ukibuku halafu usitokee, na hukufuta ndani ya muda wao ambao mara nyingi ni saa 24 au zaidi, meli nyingine zinakukata hivyohivyo.

Na siku hizi dainingi kuu nayo imeanza kutoza baadhi ya vitu, Carnival ukitaka chakula kikuu cha tatu unalipa dola 5, na meli kadhaa zina ukurasa wa steki za kulipia kwenye menyu ya dainingi. Huo ukurasa unaweza kukufaa, kama hamu yako ni steki moja tu na si mgahawa mzima.

Mimi ni Muislamu. Hela nikiongeza nitapata halali?

Usidhani hivyo. Kulipa zaidi hakuifanyi nyama iwe halali, na migahawa ya steki kwa kawaida haikuhakikishii chochote kuhusu uchinjaji. Sosi nyingi za Kifaransa na za Kiitaliano zina mvinyo, na kwenye hibachi wapishi wanapenda kumwaga sake juu ya bamba kwa ajili ya moto, bamba hilohilo linapika chakula cha meza nzima pamoja na nguruwe kama yupo aliyeagiza.

Andikia kitengo cha mahitaji maalum cha kampuni wiki nyingi kabla, uliza wana nini na kwa mgahawa gani, taka jibu la maandishi. Ukifika melini muone mkuu wa wahudumu siku ya kwanza. Mara nyingi utahudumiwa vizuri zaidi dainingi kuu, kwa sababu unakaa na mhudumu yuleyule kila usiku na anakuletea menyu ya kesho uchague mapema. Jirani yangu hapa Houston kwenye kruzi anakula samaki na mboga wiki nzima na hajawahi kulipia mgahawa hata mmoja, na anarudi amenawiri.

Nachoka chakula cha kizungu siku ya tatu. Huko kwa kulipia kuna pilipili?

Hapa nina habari njema na ni ya bure. Majiko ya meli yana wapishi wengi kutoka India, na Carnival na Royal Caribbean ukimwambia mhudumu wa dainingi kuu usiku mmoja kabla, wanakuandalia chakula cha Kihindi cha mboga, dengu za nazi au za viungo, mboga za mchuzi, wali, mkate au chapati ikiwepo. Mtu wa Tanga kama mimi hapo nimefika nyumbani. Omba na pilipili mbichi za kukatwa pembeni, zipo jikoni. Kwa nini ulipe dola 60 kutafuta ladha ambayo mpishi yuko tayari kukupa kwa kumuuliza tu?

Watoto wanaruhusiwa?

Sehemu nyingi ndiyo, na bei yao ni ndogo sana, wale wadogo kabisa pengine bure. Palo na Remy za Disney hapana, ni watu wazima wa miaka 18 na kuendelea. Na kwa Disney kuna jambo jingine, dainingi zao za bure zinazunguka, leo mgahawa huu kesho ule, na wahudumu wenu wanahama na nyie, kwa hiyo usiku mnaokwenda Palo mnakosa mgahawa mmoja kwenye mzunguko. Ndo maana wengi wanachagua branchi ya Palo, mlo wa kati ya asubuhi na mchana, siku ya baharini, watoto wako klabu yao, wazazi wanapumua, na usiku mnakula wote.

Mtoto wa chini ya miaka saba kumkalisha masaa mawili kwenye mgahawa wa taratibu ni kumtesa na kujitesa. Hibachi peke yake ndo atakaa.

Kuna meli ambazo migahawa yote ni bure?

Zipo na watu hawazilinganishi vizuri. Virgin Voyages, ambayo ni ya watu wazima tu, migahawa yao yote imo kwenye tiketi. Oceania hivyohivyo, Polo Grill, Toscana, Red Ginger na Jacques huongezi kitu. Viking na Regent pia. Tiketi zao ni ghali zaidi, bila shaka, lakini chukua kalamu. Kama wewe ni mtu ambaye kwenye meli ya rahisi utanunua pakeji ya chakula, ya vinywaji na ya waifai, jumlisha zote ndo ulinganishe. Shemeji yangu alifanya hesabu hiyo kwa Virgin akakuta tofauti imebaki ndogo, wakahama.

Na meli zinazopita kwetu, Zanzibar, Mombasa, au za Dubai?

Norwegian Dawn imewahi kufanya safari za upande huo wa Afrika na kufika Zanzibar na Mombasa, na migahawa yake ni ileile, Cagney's na wenzake. MSC nao misimu ya baridi wamekuwa wakiweka meli Dubai na Doha, na ndugu zetu wa Oman na Ghuba wengi wanapandia huko.

Ila jamani, meli ikilala Zanzibar, shuka. Usibuku chochote usiku huo. Nenda Forodhani ukale urojo, mishikaki, pweza na juisi ya miwa kwa hela ambayo melini haikupi hata cha kuanzia, na ni chakula kilichopikwa mbele yako na mtu wa hapo. Kanuni hii naishika bandari zote, Cozumel nakula tako mitaa ya nyuma mbali na gati.

Tunasafiri kikundi, wenzangu wote wamelipia, mimi bajeti haijakaa. Nifanyeje?

Waambie mapema, kabla ya safari, si mlangoni pa mgahawa. Chagueni usiku mmoja wa wote, huo ujipangie, kwa dola 10 kila wiki miezi miwili umeshafika. Siku zingine waende wao, wewe nenda dainingi kuu, omba meza ya kuchanganyika na wageni. Rafiki yangu mmoja wa Dodoma nimempata kwenye meza ya namna hiyo, tuko naye mpaka leo.

Na wewe uliyelipia, usimvute mwenzio kwa maneno ya "tutakuwa wote". Kama unamtaka, mlipie.

Nguo je?

Suruali ndefu na shati kwa wanaume, gauni au sketi au suruali nzuri kwa wanawake, kitenge kinapendeza sana. Kaptula za pwani, kofia na ndala acha kabini. Remy ni rasmi zaidi.

Nikilipa na chakula kikawa kibaya?

Sema palepale mezani, kwa upole, kabla hujamaliza sahani. Mhudumu atakubadilishia, na kama bado hakuridhishi muombe meneja wa mgahawa aje. Mara nyingi wanakupikia kingine, na nimeona wakifuta ada nzima kwa meza ya jirani ambayo nyama ilikuja baridi mara mbili. Ukinyamaza ukaenda kulalamika kaunta siku ya mwisho asubuhi, huku foleni ni ndefu na watu wanagombania mabegi, hakuna atakayekusikiliza vizuri. Na kabla hujashuka fungua bili yako kwenye apu uangalie hiyo ada imetoka kweli.